Ngozi iliyolegea na matibabu ya ultrasaundi: yanamfaa nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaouliza kuhusu matibabu haya wameshaona picha za "kabla na baada" kwenye simu zao, na wengine wameshaanza kuchanga fedha. Kwa baadhi yao yatasaidia. Kwa wengine, na si wachache, fedha zitapotea bure, au uso utatoka umekonda kuliko ulivyoingia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu haya inawahusu wale wasiopaswa kufanyiwa.

Ni matibabu gani hasa?

Ni mawimbi ya sauti ambayo sikio haliwezi kuyasikia, ya jamii ileile yanayotumika kumpima mama mjamzito, ila hapa yanakusanywa mpaka yakutane kwenye nukta moja ndogo chini ya ngozi. Mtoto anayechezea lenzi juani anajua kinachotokea: karatasi inaungua pale tu mwanga unapokutana, na mkono unaopita karibu na lenzi hauungui. Kwa njia hiyo ngozi ya juu inabaki nzima, joto linatokea chini yake, kwenye kina alichokichagua mhudumu. Ndani ya nukta hiyo joto hufika kati ya sentigredi 60 na 70 kwa muda mfupi mno. Nukta moja haifikii punje ya mchele, lakini hupigwa nyingi sana kwa mistari, na uso mzima pamoja na shingo huchukua mamia ya mistari hiyo.

Joto likipita, nyuzinyuzi za kolajeni, ile protini inayoishikilia ngozi, hujikunja na kukaza. Kisha mwili, ukidhani umejeruhiwa, huanza kujenga kolajeni mpya mahali hapo. Ujenzi huo ndio unaolipiwa, na ndio unaochukua muda.

Vina vinavyotumika zaidi usoni ni vitatu. Milimita 1.5 na milimita 3 ni ndani ya ngozi yenyewe, na hutumika kwa mikunjo midogo na ngozi iliyopoteza mkazo. Milimita 4.5 hufika kwenye utando unaoshikana na misuli ya uso. Huo ni utando uleule ambao daktari wa upasuaji huushika na kuuvuta anapofanya upasuaji wa kunyanyua uso, na hapo ndipo matibabu haya yalipojipatia umaarufu, kwamba unaweza kuufikia bila kisu.

Kuna tofauti gani kati ya Ultherapy, Sofwave na HIFU?

Ultherapy ndiyo iliyofungua njia. Ilitengenezwa na kampuni ya Ulthera ya jimbo la Arizona, Marekani, na mamlaka ya dawa na chakula ya nchi hiyo, FDA, iliiruhusu mwaka 2009 kwa ajili ya kunyanyua nyusi. Mwaka 2012 ikaongezwa ruhusa ya ngozi iliyolegea chini ya kidevu na shingoni, na mwaka 2014 ikaongezwa mikunjo ya kifuani, pale juu ya matiti panapoonekana ukivaa nguo yenye shingo pana. Sifa yake kubwa ni kwamba mhudumu anaona tabaka za ngozi kwenye kioo kabla ya kupiga. Anajua kama amefika kwenye utando au yuko juu ya mfupa.

Sofwave ilikuja baadaye na ilipata ruhusa ya Marekani mwaka 2019. Yenyewe hukaa kwenye kina cha milimita 1.5 tu, haigusi utando ule wa chini. Inafaa zaidi kwa mikunjo na ngozi iliyochoka kuliko kwa shavu lililoporomoka.

HIFU ni jina la jumla la teknolojia ya kukusanya ultrasaundi, lakini mtaani limekuwa jina la mashine zote zilizobaki, nyingi zikitoka Korea Kusini na China. Ndani ya jina hilo zimo mashine nzuri zilizosajiliwa na zinazotumiwa na madaktari, na zimo pia mashine ambazo yeyote mwenye kadi ya benki anaweza kuziagiza mtandaoni zikafika dukani kwake. Nyingi ya hizo za mwisho hazina kioo cha kuonyesha tabaka za ngozi. Mhudumu anapiga asichokiona. Jina la HIFU peke yake kwenye bango basi halikuambii kitu, uliza jina la mashine na nani aliyeitengeneza.

Nilisikia HIFU inatibu uvimbe wa kizazi. Ni kitu kimoja?

Msingi ni mmoja, mashine ni tofauti kabisa. Mwaka 2004 Marekani iliruhusu mashine ya ultrasaundi inayoongozwa na picha za MRI kuunguza faibroidi bila kufungua tumbo. Mashine ya uso haiwezi kufika huko na haina kazi na kizazi. Akitokea mtu wa saluni akakwambia mashine yake ya mashavu inaweza pia kuyeyusha uvimbe tumboni, ondoka.

Mimi ni mweusi sana. Nitaungua kama wanavyoungua watu kwenye leza?

Swali hili lina sababu nzuri nyuma yake. Leza nyingi hufanya kazi kwa mwanga, na mwanga hunyonywa na melanini, rangi ileile inayotupa weusi wetu. Ngozi nyeusi ikipigwa leza isiyofaa, au kwa nguvu iliyopangwa kwa ngozi nyeupe, rangi yenyewe ndiyo inayopata joto, na matokeo ni malengelenge, kisha madoa meusi au meupe yanayokaa miezi na miezi. Wengi wetu tunamjua mtu aliyepata hayo.

Sauti haina habari na rangi. Wimbi la ultrasaundi hupita kwenye ngozi ya maji ya kunde, nyeusi ti au nyeupe bila tofauti, na hukutana palepale lilipopangiwa. Kwa hiyo weusi peke yake si kizuizi, na kati ya matibabu ya mashine ya kukaza ngozi hili ni mojawapo ya yale yanayoielekea ngozi yetu vizuri.

Lakini "weusi si kizuizi" haina maana kwamba hakuna kuungua. Kifaa kisipogusa ngozi sawasawa, jeli ikiwa kidogo, au hewa ikiingia katikati, nguvu huishia juu badala ya chini. Kikichaguliwa kina kisichofaa mahali penye ngozi nyembamba, vilevile. Hapo utaona mistari iliyovimba, na ngozi nyeusi ikishaungua huacha doa haraka kuliko nyeupe. Kosa dogo la mhudumu linaonekana zaidi kwetu, na linachukua muda mrefu zaidi kufutika.

Je, ngozi nyeusi inazeeka? Mbona wanasema haizeeki?

Inazeeka, ila kwa mtindo wake. Melanini hutukinga na jua, na tabaka la ndani la ngozi nyeusi kwa kawaida ni nene na lenye nyuzi zilizoshonana. Kwa hiyo makunyanzi madogo kuzunguka macho na mdomo huchelewa. Kinachotupata mapema zaidi ni kuporomoka: shavu la katikati linashuka, mfereji kutoka pembe ya pua hadi mdomoni unazidi kina, na mstari wa taya uliokuwa umenyooka unaanza kuwa na vifuko. Kwa wanawake, kukoma hedhi huharakisha mambo. Katika miaka 5 ya kwanza baada ya hapo ngozi hupoteza takribani asilimia 30 ya kolajeni yake. Mama anayesema "uso wangu ulibadilika ghafla nilipofika hamsini" anasema kweli.

Hili lina umuhimu hapa, kwa sababu kuporomoka kidogo kwa taya na shavu ndiko ultrasaundi inakokujua zaidi.

Sasa niambieni: inamfaa nani?

Mtu mwenye ngozi iliyolegea kidogo au wastani, hasa kwenye mstari wa taya, chini ya kidevu, shingoni au kwenye nyusi. Wengi wao wako kati ya miaka 35 na 60. Uzito wake hauruki juu na chini. Uso wake bado una nyama ya kutosha. Havuti sigara, au yuko tayari kuacha, kwa kuwa tumbaku hupunguza damu inayofika kwenye ngozi na kuvunja kolajeni ile ile tunayoijenga. Na, hili nalitilia mkazo, ni mtu atakayeridhika akiambiwa na dada yake "umepumzika vizuri siku hizi" bila dada huyo kujua kilichofanyika. Ukubwa wa mabadiliko ndio huo.

Unaweza kujipima mwenyewe mbele ya kioo. Weka vidole viwili mbele ya sikio, vuta ngozi kidogo sana kuelekea juu, milimita chache tu. Kama mabadiliko hayo madogo ndiyo unayoyataka, endelea kusoma. Kama ili ufurahi inabidi uvute sentimita mbili, ultrasaundi haitakufikisha huko, na atakayekuahidi hivyo anataka fedha zako.

Wenye unene mkubwa pia mara nyingi hawapati matokeo mazuri. Uzito wa ngozi na mafuta ya chini unaizidi nguvu ya mkazo unaotengenezwa.

Na isimfae nani?

Tuanze na wale ambao haifai kwa sasa, lakini huenda ikafaa baadaye: mjamzito na anayenyonyesha (usalama kwao haujapimwa, na hakuna haraka yoyote ya shavu inayostahili kuhatarisha mimba), mwenye kidonda wazi, majipu au chunusi kubwa zenye usaha kwenye eneo la kupigwa, mwenye malengelenge ya mdomoni yaliyoamka, na mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa.

Wengine wanahitaji mazungumzo na daktari wao kabla ya lolote. Hao ni wenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wenye magonjwa ya kinga kushambulia mwili, na wenye chuma au vifaa vingine vilivyopandikizwa chini ya ngozi mahali panapotakiwa kupigwa. Jino la bandia la chuma kwa kawaida si tatizo, wahudumu wengi huweka pamba kati ya shavu na jino. Ila liseme.

Kijana wa miaka 23 mwenye ngozi iliyokaza kama ngoma pia haimfai. Hakuna kitu cha kunyanyua. Wapo wanaoitangaza kama kinga ya uzee, na kwa maoni yangu kumuuzia binti wa umri huo matibabu ya maelfu ya shilingi badala ya kumwambia apake kinga ya jua si haki.

Nimepungua kilo nyingi kwa sindano za kupunguza uzito. Uso umelegea. Naweza kufanya?

Hapa tunahitaji kutulia. Sindano za semaglutidi na ndugu zake zimewasaidia watu wengi wenye kisukari na unene, lakini mafuta yanapoondoka mwilini yanaondoka na usoni. Shavu linabonyea, ngozi inaning'inia. Mtu anaangalia kioo na kusema, "Ngozi imelegea, nahitaji kukaza." Kumbe tatizo lake la kwanza ni kujaa kulikopotea.

Joto la ultrasaundi likipigwa ovyo kwenye uso mwembamba linaweza kupunguza hata yale mafuta machache yaliyobaki. Unatoka umekauka zaidi. Anayejua kazi yake atapunguza vina, ataruka maeneo yaliyobonyea, au atakwambia wazi kwamba unahitaji kurudishiwa ujazo kwanza. Na kama bado unapungua, subiri uzito utulie kwa miezi kadhaa. Kukaza nyumba ambayo bado inabomoka hakuna maana.

Mashavu yangu yaliingia ndani kwa sababu ya dawa za zamani za ARV. Itanisaidia?

Hapana, na naomba yeyote asikuuzie. Watu waliotumia stavudini miaka ya 2000 wanalijua tatizo hili vizuri kuliko madaktari wengi vijana. Dawa hiyo iliokoa maisha, lakini iliyeyusha mafuta ya mashavu, mikono na makalio, na watu wakatambuliwa mtaani kwa sura zao. Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi kuanza kuiondoa mwaka 2009, na leo mtu anayeanza dawa hapewi hiyo. Waliobaki na mashavu yaliyoingia wanahitaji kujaziwa, si kukazwa. Kuna dawa ya sindano ya asidi ya polilaktiki, Sculptra, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 2004 kwa ajili ya tatizo hilo hasa. Zungumza na daktari wa ngozi au wa upasuaji wa urekebishaji, ukiwa na historia yako yote mkononi. Kuishi na VVU kwenyewe, ukiwa unatumia dawa na afya imetengemaa, si aibu na si jambo la kumficha mhudumu.

Nimetumia mkorogo kwa miaka. Ni lazima niseme?

Ni lazima, na hutahukumiwa na mtu mwenye taaluma. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi kali, hidrokwinoni au zebaki. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye hidrokwinoni na zebaki, lakini vingali vinauzwa chini ya meza, na chupa nyingine hazisemi kilichomo. Steroidi ikipakwa miaka mingi hufanya ngozi kuwa nyembamba, mishipa midogo huonekana, jeraha huchelewa kupona. Ngozi ya namna hiyo ikipigwa joto ni kamari.

Usiache ghafla nyumbani siku mbili kabla ya miadi ukidhani umejisafisha. Steroidi kali zikikatwa kwa mkupuo, uso huwaka, huwasha na kuvimba. Muone daktari wa ngozi, akupangie namna ya kuacha, ngozi ipate miezi ya kupona. Baada ya hapo ultrasaundi inaweza kuzungumzwa. Mara nyingi, ngozi ikishapona, mtu anagundua kwamba kilichokuwa kinamkera kilikuwa rangi iliyochafuka na mishipa, wala si kulegea.

Nina keloidi. Je?

Keloidi huota pale ngozi ilipokatwa au kujeruhiwa, na matibabu haya hayachani ngozi ya juu, kwa hiyo mtu aliyewahi kupata keloidi sikioni baada ya kutoboa hajafungiwa mlango. Lakini keloidi yenyewe isipigwe kamwe, na kama unazo taya zima au kifuani, ningekuambia uache. Ukitokea mwunguzo kwa bahati mbaya, wewe ndiye utakayelipa gharama kubwa zaidi. Wanaume wenye vijivimbe vya keloidi kwenye ndevu na kisogoni wako katika kundi hili.

Nina fila au botoksi. Nianze na kipi?

Ultrasaundi kwanza, fila (sindano za kujaza uso) baadaye. Joto linaweza kuharibu au kusogeza fila, kwa hiyo usipigwe juu ya fila iliyoko tayari bila mhudumu kujua iko wapi, ni ya aina gani na iliwekwa lini. Botoksi, sindano ya kulegeza misuli ya mikunjo, si tatizo kubwa hivyo, ila wengi hutenganisha kwa wiki mbili hivi.

Inauma?

Ndiyo. Picha za wanawake wanaotabasamu huku wakipigwa zisikudanganye. Inachoma kwa vipindi vifupi, zaidi pale penye mfupa karibu: taya, paji la uso, karibu na sikio. Wengine huhisi umeme hadi kwenye meno. Dawa ya maumivu ya vidonge dakika 45 hadi saa moja kabla husaidia, krimu ya ganzi husaidia kidogo kwa kuwa maumivu yako chini zaidi ya inapofika. Uso na shingo huchukua saa moja hadi saa moja na nusu, kifua kama nusu saa.

Maumivu makali yasiyovumilika mahali pamoja, au mchomo wa juu kabisa ya ngozi, mwambie mhudumu asimame hapohapo. Usijikaze. Huenda ndiyo ishara kwamba kifaa hakijagusa vizuri au kimekaa juu ya neva.

Nikifunga Ramadhani naweza kwenda?

Matibabu yenyewe hayahitaji ule wala unywe. Vidonge vya maumivu ndivyo vitakavyofunguza. Panga miadi ya usiku baada ya futari kama kliniki inafungua, au subiri Idi ipite.

Harusi ya binti yangu ni mwezi ujao. Nitakuwa tayari?

Mama, hapana. Siku zile za kwanza unaweza kuona mkazo kidogo, ambao mwingi ni uvimbe. Kolajeni mpya huonekana baada ya miezi 2 hadi 3, na huendelea kukomaa hadi mwezi wa 6. Harusi ya Desemba inahitaji miadi ya Juni au Julai. Ukija wiki tatu kabla, umechelewa kwa matokeo na umejipa nafasi ya kwenda ukumbini na uvimbe au alama.

Na bibi harusi naye: wiki ya kwanza baada ya kupigwa, uso usisuguliwe kwa singo, usifukizwe, usipigwe mvuke. Liwa isiyosuguliwa, iliyopakwa taratibu, haina neno uwekundu ukishaisha.

Matokeo hukaa muda gani? Mara ngapi nirudie?

Kwa wengi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, wachache hufika miwili. Mara nyingi kikao kimoja kwa mwaka kinatosha. Uzee hausimami, kwa hiyo hakuna matokeo ya kudumu. Anayekuambia uje kila mwezi kwa HIFU ya kina kirefu anakulundikia joto kabla ngozi haijamaliza kujijenga, na hapo ndipo mafuta ya uso huanza kupotea. Upasuaji wa kunyanyua uso, ukifanywa na daktari bingwa, hukaa miaka mingi zaidi na hunyanyua zaidi. Una makovu, nusukaputi na wiki za kupona. Kwa mwenye ngozi nyingi iliyoning'inia, kulipia ultrasaundi mara nne mfululizo ili kukwepa upasuaji mmoja ni hesabu mbaya.

Je, inaleta saratani?

Ultrasaundi si eksirei. Haina mionzi ya kuvunja chembe za urithi. Hatari zake ni za joto, na zipo.

Hatari zenyewe ni zipi?

Wekundu wa saa chache, uvimbe na uchungu wa siku kadhaa ukigusa, michubuko, ganzi au mwasho wa wiki chache. Hayo ni ya kawaida na hupita.

Yasiyo ya kawaida ni kuungua, madoa, mafuta kuyeyuka na kuacha bonde, na neva kuguswa. Neva inayoshusha mdomo wa chini hupita kwenye ukingo wa taya, karibu sana na ngozi. Ikipata joto, tabasamu hupinda upande mmoja. Kwa kawaida hurudi ndani ya wiki au miezi, lakini miezi hiyo ni mirefu kwa mwalimu au mtangazaji.

Jicho ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mashine hizi hazitakiwi kupigwa ndani ya mzunguko wa mfupa wa jicho. Japani ilijifunza kwa uchungu: baada ya watu kujeruhiwa kwenye saluni za urembo, wakiwamo waliopata mtoto wa jicho kwa HIFU iliyopigwa karibu na kope, tume ya usalama wa watumiaji ilitoa ripoti mwaka 2023, na mwaka 2024 wizara ya afya ikatamka kwamba HIFU ni kazi ya daktari. Huku kwetu bado mashine hizo zinakaa karibu na kiti cha kusuka nywele. Mhudumu akikwambia atakunyanyua kope kwa kuipiga kope yenyewe, shuka kitandani.

Shingoni pia, katikati penye koo na tezi hapapigwi. Hupigwa pembeni na chini ya kidevu.

Tumbo lililolegea baada ya kuzaa je? Na matiti?

Tumbo la uzazi mara nyingi limelegea kwa sababu misuli imeachana katikati. Ultrasaundi ya ngozi haiunganishi misuli. Mazoezi yanayoelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia yatakufaa zaidi, na kwa wengine upasuaji. Matiti hayanyanyuliwi kwa njia hii.

Nitajuaje mhudumu anayefaa?

Uliza ana leseni ya nani. Tanzania Bara, daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na vifaa tiba husimamiwa na mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA. Kenya ni baraza la madaktari la nchi hiyo, KMPDC, na sajili yake inaweza kutafutwa mtandaoni. Madaktari wa ngozi ni wachache, lakini wapo: kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda pale KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992. Hata kama daktari huyo hana mashine, nusu saa ya ushauri wake itakugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya matibabu, na anaweza kukuokoa nayo yote.

Omba kuona kichwa cha mashine, kile kifaa kinachogusa ngozi. Kimeandikwa kina kinachofikia, na kina idadi maalumu ya mipigo. Kikiisha hubadilishwa, lakini kuna vya bandia na kuna vilivyofufuliwa kwa ujanja. Bei ikiwa ya chini mno kuliko kwingineko, mara nyingi ndipo ilipookolewa.

Kisha uliza hili: "Kwa uso wangu, utaruka sehemu zipi?" Anayejua atakuonyesha kwa kidole. Asiyejua atakuambia atapiga kote.

Mashine ndogo za nyumbani zinazouzwa mtandaoni zinafaa?

Zilizo dhaifu hazifanyi kitu. Zilizo na nguvu ni hatari mikononi mwa asiyejua neva ziko wapi. Fedha hiyo nunua kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi, na umuulize daktari kuhusu krimu ya usiku ya tretinoini, ambayo ina ushahidi wa miaka mingi (isitumike ukiwa mjamzito).

Nimeshafanyiwa, na kuna kitu hakiko sawa. Nifanye nini?

Jicho kwanza: ukungu, maumivu au kuona mwanga wa ajabu, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Ngozi iliyoungua, ipoze kwa maji ya kawaida, si barafu moja kwa moja, usipake dawa ya meno wala mkorogo, usipasue malengelenge. Ikinge na jua. Muone daktari wa ngozi mapema, kwa sababu doa linalotibiwa wiki ya kwanza ni jepesi kuliko la mwezi wa tatu.

Mdomo uliopinda baada ya matibabu, mrudie aliyekufanyia akuandikie jina la mashine, vina alivyotumia, nguvu na sehemu alizopiga, kisha upeleke karatasi hiyo hospitali. Lakini kama mkono au mguu wa upande mmoja nao umelegea, au ulimi umekuwa mzito, usitafute karatasi yoyote. Hiyo huenda ni kiharusi, na unapaswa kuwa hospitali ndani ya saa hiyo.